Tetemeko la Ardhi Dar es Salaam: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Nyumba, Watu na Njia ya Kutokea

Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili usiku na dakika chache, maghorofa ya Dar es Salaam yalitikisika na watu wakashuka ngazi mbiombio kwenda barabarani. Tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6.0 lilikuwa limetokea chini ya bahari, kusini-mashariki mwa jiji. Halikuangusha jiji kwa sababu kitovu chake, yaani mahali lilipoanzia, kilikuwa mbali. Kagera hawakuwa na bahati hiyo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 liliua watu wasiopungua 17, likajeruhi mamia, likabomoa nyumba kwa maelfu, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Kwa kipimo, lile la Kagera halikulizidi la Dar. Umbali na ubora wa kuta ndivyo vilivyoamua.

Umbali wa kitovu huwezi kuupanga. Ukuta unaweza kuupanga, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu iko kwa fundi.

Kwa nini ardhi inacheza hapa

Bara la Afrika linapasuka upande wa mashariki. Bamba la Somalia (bamba ni kipande kikubwa cha gamba la dunia) linajitenga na bamba la Nubia kwa milimita chache kila mwaka, na Bonde la Ufa ndiyo alama ya mpasuko huo. Tawi la magharibi hupita Ziwa Tanganyika na Rukwa, la mashariki hupita Natron na Manyara. Rukwa ilipata tetemeko la 7.4 tarehe 13 Desemba 1910, moja ya makubwa kabisa kuwahi kupimwa barani. Watu wa Pwani hudhani hayo ni mambo ya bara, lakini ipo mipasuko mingine chini ya Bahari ya Hindi, mbele ya pwani yetu, na huko ndiko tetemeko la 2020 lilikotoka.

Miamba ya pande mbili za ufa husukumana miaka mingi bila kusogea, kisha huteleza kwa ghafla na mawimbi yakasambaa. Ukipanda hatua moja ya ukubwa, tuseme kutoka 5 kwenda 6, nishati inayotoka huongezeka takriban mara 32. Ila mtikisiko utakaousikia wewe unategemea pia udongo uliosimamia. Mwamba wa matumbawe hutikisika kidogo. Mchanga mlaini na matope ya bondeni, kama Jangwani na kingo za Mto Msimbazi, hukuza mtikisiko, na mchanga uliojaa maji unaweza kulegea ukawa kama uji, nyumba ikazama upande mmoja au ikalala. Kiwanja kilichojazwa kifusi juu ya mkondo wa zamani wa maji kina tatizo hilohilo hata kama leo kinaonekana kikavu.

Ndani ya nyumba: kazi ya siku moja

Majeraha mengi hutokana na vitu vinavyoanguka, na hapa hata mpangaji wa chumba kimoja ana la kufanya.

Anza na kitanda. Usilale chini ya kioo, rafu ya vitabu, wala dirisha kubwa. Kabati refu la nguo lifungwe ukutani kwa vyuma viwili vya pembe (L) juu, kimoja kila upande. Toboa tofali lenyewe. Skrubu iliyoshika lipu peke yake hutoka kwa mkono. Tumia plagi na skrubu yenye urefu wa sentimita 6 au zaidi. Mabegi na majaba ya nguo yaliyorundikwa juu ya kabati yashuke.

Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa una uzito wa karibu kilo 30 pamoja na chuma chake. Usimamishe, uzungushie mnyororo au mkanda uliofungwa ukutani kwa kiwango cha theluthi mbili za kimo chake. Mpira wa gesi usiwe umenyooshwa hadi mwisho, kwa maana jiko likisogea kidogo tu utachomoka. Kila mtu mzima wa nyumba, dada wa kazi akiwemo, ajue kufunga valvu na kuzima swichi kuu ya umeme hata gizani.

Halafu tangi la maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 2,000 ni tani mbili juu ya mnara, na minara mingi ya uani ni vyuma vilivyochomelewa na kukitwa kwenye zege la kina cha kiganja. Miguu iunganishwe kwa vyuma vya mshazari pande zote nne, mnara ukitwe angalau sentimita 60 ardhini, tangi lenyewe lifungwe. Usiweke mnara ambapo ukilala utaangukia chumba cha watoto.

Grili za madirisha tumeziweka kwa ajili ya wezi, na mlango wa nyuma mara nyingi una kufuli ambalo ufunguo wake unajulikana na mtu mmoja. Chagua angalau dirisha moja kila upande wa nyumba ambalo grili yake inafunguka kwa ndani, ufunguo ukining'inia karibu, mahali ambapo mkono wa dirishani haufiki.

Maji ya akiba: kila mtu, kwa siku, lita 4 za kunywa na kupikia, na lita 15 ukihesabu kuoga na kufua. Familia ya watu watano inahitaji madumu matatu ya lita 20 kwa siku tatu za kunywa na kupika peke yake. Yafunikwe, yabadilishwe kila baada ya miezi sita. Weka pia tochi, redio ya betri, viatu vigumu chini ya kila kitanda (vioo vilivyovunjika hukata miguu ya wengi usiku), dawa za wenye kisukari na presha za wiki moja, nakala za vitambulisho na hati ya kiwanja ndani ya mfuko usiopitisha maji, pamoja na fedha taslimu za noti ndogo. Mtandao ukikatika, pesa ya kwenye simu ni namba tu.

Kwa fundi: nyumba ya matofali inayobaki imesimama

Tofali la sementi hubeba mzigo wa juu vizuri sana, lakini ukilisukuma kwa ubavu linaachana na mwenzake. Tetemeko husukuma kwa ubavu. Dawa ni kuzifunga kuta ziwe sanduku: mkanda wa zege chini, nguzo kwenye kona, mkanda juu, vyote vimeshikana kwa nondo. Mafundi wengi mitaani hujenga nyumba ya chini kwa lenta (mkanda wa juu ya milango na madirisha) peke yake, bila nguzo. Nyumba hiyo itasimama miaka hamsini ikiwa ardhi itatulia.

Tofali kwanza. Mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe matofali ya inchi sita kama 30 hadi 35. Mfyatuaji anayejisifu kutoa 50 na zaidi anakuuzia mchanga ulioshikana. Chukua matofali matatu bila kuchagua, yaangushe kutoka kimo cha kiuno juu ya ardhi ngumu. Linaloweza kumeguka kona lipite, linalopasuka vipande likatae. Lichane kwa msumari: likichimbika kama chaki, halifai. Matofali yamwagiwe maji asubuhi na jioni siku saba kwa uchache, chini ya kivuli au magunia. Jua la Dar hulikausha tofali kabla saruji haijamaliza kazi yake.

Mchanga utoke mtoni au shambani, si ufukweni. Chumvi hula nondo, kutu huvimba, zege hupasuka kutoka ndani, na baada ya miaka kumi una nguzo yenye sura ya nguzo tu. Kupima matope, jaza mchanga hadi sentimita 10 kwenye chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, acha saa tatu. Tabaka la matope juu ya mchanga likizidi milimita 6 hadi 8, mchanga uoshwe au ukataliwe.

Zege la nguzo na mkanda: mfuko mmoja wa saruji, ndoo mbili na nusu za mchanga, ndoo tano za kokoto (ndoo za lita 20), maji lita 25 hivi, pungufu kama mchanga umelowa. Kwa jamvi la chini unaweza kwenda ndoo tatu na nusu kwa saba. Kosa linaloua zege nyingi mjini ni maji. Fundi huyaongeza ili zege liteleze na kazi iishe mapema, na kila lita ya ziada inapunguza nguvu. Zege lililochanganywa litumike ndani ya saa moja. Lililoanza kushika lisifufuliwe kwa maji. Lishindiliwe kwa mashine ya kutetemesha au kwa kipande cha nondo, maana mapovu yanayobaki ndiyo yale mashimo ya sega unayoyaona mbao zikitolewa.

Nguzo ziwe kwenye kila kona, kila mahali kuta zinapokutana, na kila baada ya mita 4 hivi kwenye ukuta mrefu. Kila nguzo ina nondo nne za mm 12. Ukuta ujengwe kwanza, matofali ya pembeni yakiachwa meno meno, ndipo zege limwagwe kati yake ili vishikane. Nguzo iliyomwagwa kwanza na ukuta ukaja kuegeshwa baadaye huacha mstari wa nafasi, na ukuta hutoka wote kama ubao.

Sasa ringi, zile nondo nyembamba za mm 8 zinazozunguka nondo kubwa. Ziwe kila sentimita 15 katikati ya nguzo, na kila sentimita 10 kwenye sentimita 50 za juu na za chini, kwa sababu nguzo huvunjika karibu na maungio. Ncha za ringi zikunjwe kuingia ndani ya zege kwa pembe ya nyuzi 135, mkia usipungue sentimita 7.5. Ncha iliyokunjwa nyuzi 90 pembeni hufunguka pindi zege la nje linapobanduka, na nondo kubwa hupinda nje zote kwa pamoja. Ukisikia "bosi, hapa pametosha" kabla hujahesabu ringi, chukua futi uhesabu. Kisha hakikisha vitofali vidogo vya zege vimewekwa kati ya nondo na mbao ili nondo ifunikwe kwa milimita 25 angalau, na 40 kwenye msingi na kwa wanaojenga karibu na bahari.

Nondo zinapounganishwa, zipishane mara 50 ya unene wake: mm 12 hupishana sentimita 60. Maungio yasiwe yote sehemu moja. Mkanda wa juu upite juu ya kuta zote bila kukatika, kimo sentimita 20, nondo nne. Kwenye kona nondo zipinde na kuingia ukuta wa pili kwa sentimita 60. Nondo zilizonyooka zikaishia konani ni mikanda minne isiyojuana, na kona ndipo nyumba inapoanza kufunguka. Milango na madirisha yakae angalau sentimita 60 kutoka kona.

Paa lifungwe kwenye mkanda kwa vipande vya nondo vilivyoachwa wakati wa kumwaga zege. Na hapa tuseme neno kuhusu mtindo wa paa la kuficha uliojaa Goba, Madale na Kigamboni. Ule ukuta unaosimama juu ya mkanda kuficha bati haujashikwa na kitu nyuma yake. Ukizidi kozi (safu za matofali) mbili, nguzo za chini zipande hadi kileleni mwake na juu uwe na mkanda mdogo. Vinginevyo utaangukia mlangoni, penye watu wanaotoka. Ukuta wa pembetatu wa paa la kawaida una ugonjwa huohuo. Fensi nayo: nguzo kila mita 3, mkanda chini na juu.

Ghorofa haliingii katika mwongozo wa aina hii. Linahitaji mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kipimo cha udongo, na kibali cha manispaa. Jiji hili limezika watu bila tetemeko lolote: mwaka 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliua 36, na Novemba 2024 jengo la Kariakoo likaua zaidi ya 20. Mpangaji anaweza kukagua machache kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Chini ni maduka matupu yenye nguzo nyembamba na mageti, juu kuta za vyumba zimejaa? Sakafu ya chini ndiyo itakayolala. Kuna sakafu iliyoongezwa ambayo ramani ya kwanza haikuwa nayo? Nguzo zimechongwa kupitisha bomba? Ngazi ni moja na imejaa maboksi ya mzigo? Majibu mawili mabaya yanatosha kutafuta nyumba nyingine.

Ardhi inapotikisika

Mtikisiko mkali mara nyingi hauzidi nusu dakika. Uliye ndani ya jengo la zege: piga magoti, ingia chini ya meza imara, shika mguu wa meza. Hakuna meza? Jikunyate kando ya ukuta wa ndani mbali na kioo, mikono juu ya shingo. Usikimbilie ngazi, maana ndipo watu hukanyagana, na usiingie lifti. Kusimama kwenye fremu ya mlango ni ushauri wa zamani; mlango wa leo haubebi chochote.

Nyumba ya udongo, ya matofali mabichi, au ya tofali bila mkanda ni habari nyingine. Kama mlango uko hatua chache na nje kuna uwazi, toka mara moja. Kama uchochoro ni mwembamba kati ya kuta mbili, baki ndani kando ya kitanda. Walio nje wasogee mbali na fensi, nguzo za umeme na vibaraza. Dereva aegeshe pembeni, si chini ya daraja la juu.

Bahari

Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la 9.1 karibu na Sumatra lilileta mawimbi hadi huku baada ya saa saba na zaidi. Watu wasiopungua 10 walikufa Tanzania, wengi wakiwa wanaogelea. Hakuna aliyehisi mtikisiko hapa. Kwa tetemeko la mbali kama hilo onyo hutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, na muda upo. Kwa tetemeko la karibu onyo ni mtikisiko wenyewe: ukiwa ufukweni ukatikisika sekunde 20 au zaidi, au kwa nguvu inayokuzuia kusimama, ondoka bila kusubiri ujumbe. Vivyo hivyo maji yakipwa ghafla nje ya saa zake, au bahari ikinguruma kusiko kawaida. Wavuvi wa Kunduchi na Feri wanajua saa za maji kujaa na kupwa kuliko simu yoyote. Wakishangaa, nawe shangaa.

Nenda kwa miguu. Barabara ya Bagamoyo hujaa siku ya kawaida, sembuse siku hiyo. Lenga mahali penye mita 10 au zaidi juu ya usawa wa bahari, au ghorofa ya tatu na kuendelea ya jengo imara la zege. Usifuate mto, kwani wimbi hupanda Msimbazi na mikono ya bahari kama ya Kurasini na Kunduchi. Walioko baharini kwenye kina kirefu wabaki huko. Wimbi la kwanza mara nyingi silo kubwa, na mengine huja kwa saa kadhaa, hivyo usirudi kuokota samaki wala viti mpaka mamlaka itangaze. Pima njia yako mapema: tembea kutoka nyumbani hadi mlimani ukiwa na mtoto mgongoni, uone inachukua dakika ngapi.

Saa moja baada ya mtikisiko

Vaa viatu. Nusa gesi: ukiisikia, funga valvu, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote ya taa wala kiberiti, toka. Isipokuwepo harufu, zima swichi kuu kama nyaya zimeharibika au ukuta umepasuka. Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi 112. Kwa ndugu tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga, na mkubaliane mapema mtu mmoja wa nje ya mji, tuseme shangazi wa Dodoma, ambaye kila mmoja atamwarifu. Matetemeko madogo yatafuata kwa siku au wiki. Ujumbe utakaozunguka kwenye makundi kwamba "kubwa zaidi linakuja saa tisa usiku" uufute. Hakuna chombo duniani kinachotaja saa ya tetemeko.

Kabla ya kurudi ndani, zunguka nje mchana. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu si kitu. Ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha, au mbili zinazokatiza kama X, uandikie tarehe kwa penseli kwenye ncha zake na upime upana. Ukiongezeka, au ukifika milimita 5, ita mhandisi. Nguzo iliyobanduka zege ikaonyesha nondo zilizopinda, jengo lililoinama, sakafu iliyoachana na ukuta: hapo hakuna kulala hata usiku mmoja, na usiruhusu fundi azibe kwa lipu kabla hapajakaguliwa. Piga picha zote kabla ya kugusa. Wenye bima ya moto wasome mkataba, kwani tetemeko mara nyingi ni nyongeza inayoombwa na kulipiwa.

Na volkano je?

Dar haina volkano karibu. Ila wakazi wake wana ndugu Arusha na Mbeya, na hupanda milima. Ol Doinyo Lengai, mlima wa mita 2,962 karibu na Ziwa Natron, ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kaboneti yenye sodiamu, nyeusi na ya joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, chini sana kuliko lava ya kawaida. Julai 2007 matetemeko karibu na mlima jirani wa Gelai yalifika 5.9 na kusikika hadi Nairobi, na Septemba Lengai ikalipuka majivu. Kwa hiyo ukiwa Ngare Sero, kijiji kilicho karibu na Lengai, ukasikia mitetemo mfululizo, ahirisha kupanda, hata kama muongoza watalii ameshalipwa.

Majivu yakianguka ulipo: funika mdomo na pua kwa barakoa au kitambaa kilicholowa, vua lensi za macho, chomoa bomba linaloingiza maji ya paa kwenye tangi kabla hayajachafuka, zuia mifugo kula majani yaliyofunikwa. Sentimita 10 za majivu yaliyolowa hufika kilo 100 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, mzigo ambao kenchi (fremu za kubeba paa) za mbao nyembamba hazikupangiwa. Yakwanguliwe yakiwa bado makavu, kidogo kidogo pande zote mbili za paa, anayepanda akikanyaga juu ya kenchi na si katikati ya bati. Kwenye mabonde ya maeneo ya volkano usilaze hema shimoni wala kando ya chemchemi inayotoa mapovu: kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini bila harufu, na mbwa aliyelala hapo bila kuamka ndiye dalili ya kwanza.